Namna ya Kuyatambua Mapenzi ya Mungu Unapokabiliwa na Uamuzi Mzito

Mkristo anayeuliza mapenzi ya Mungu kwa maisha yake ni yapi kwa kawaida ana jambo mahususi linalomkosesha usingizi: kama akubali posa, kama aache kazi aingie katika huduma, kama ahame, kama aendelee na masomo au arudi nyumbani kumwuguza mzazi. Swali hilo ni jema na halipaswi kubezwa, kwa maana anayeliuliza amekwisha kukiri kwamba maisha yake si mali yake mwenyewe. Hata hivyo wengi huliuliza kwa hofu, wakidhani kwamba Mungu ameficha mahali fulani mpango mmoja tu, na kwamba wasipoufumbua kwa wakati watakuwa wamepotea njia daima. Ninachokieleza hapa ni utaratibu mwingine, ambao naamini ndio Maandiko yanaoufundisha: kuanza na yale ambayo Mungu amekwisha kuyasema waziwazi na kuyatii, kisha kuyapima yaliyobaki kwa maombi, kwa akili iliyofanywa upya na kwa msaada wa waumini wenzako, na hatimaye kuamua.

Anza na yaliyokwisha kufunuliwa

Musa, akizungumza na Waisraeli katika nchi ya Moabu kabla hawajavuka Yordani, aliwaambia kwamba mambo ya siri ni ya Bwana, bali yaliyofunuliwa ni yao na watoto wao milele, ili wayatende (Kumbukumbu la Torati 29:29). Yako mambo ambayo Biblia inayaita mapenzi ya Mungu kwa jina hilohilo, na kuyajua hakuhitaji ndoto wala nabii: kutakaswa kwetu na kuepukana na uasherati (1 Wathesalonike 4:3), kushukuru kwa kila jambo (1 Wathesalonike 5:18), na kutenda mema hata wanaotusema vibaya wakose la kusema (1 Petro 2:15). Mika naye anauliza Bwana anataka nini kwa mwanadamu, na jibu lake ni kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu (Mika 6:8). Maagizo haya yanaweza kutimizwa katika kazi yoyote halali, katika ndoa na katika useja, ukihama na usipohama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu kwa mwaka ujao wa maisha yako unaijua tayari, hata kama hujui utakuwa unaishi wapi.

Chukua karatasi, andika swali lako kwa sentensi moja, kisha chini yake andika kila agizo la Maandiko linalogusa jambo hilo. Maswali mengi huishia hapo. Mtu aliyeahidiwa cheo kwa sharti la kutia sahihi risiti za uongo hana haja ya kufunga siku tatu ili ajue la kufanya, wala anayetakiwa kimapenzi na mume au mke wa mtu hana haja ya kuomba ishara. Kufunga na kuomba juu ya jambo ambalo Mungu amekwisha kulitolea amri kunaweza kuwa namna ya kuuchelewesha utii huku tukionekana wacha Mungu, na jambo hili nalisema kwa uzito kwa sababu limewafunga watu wengi wenye nia njema.

Tazama pia kama kuna utii wa zamani ambao bado unakusubiri: deni unaloweza kulilipa na hujalilipa, ndugu ambaye hujapatana naye, ahadi uliyoivunja kimyakimya. Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu aliye madhabahuni akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka yake pale, aende kwanza akapatane naye (Mathayo 5:23-24). Tena alisema kwamba anayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu ndiye atakayejua kama mafundisho yake yatoka kwa Mungu (Yohana 7:17). Nia ya kutii hutangulia na kujua hufuata.

Baada ya hapo hubaki maswali ambayo kila upande wake ni halali, na hapa Maandiko yanatupa uhuru mkubwa kuliko tunavyodhani. Katika bustani ya Edeni Adamu aliruhusiwa kula matunda ya kila mti, akakatazwa mmoja (Mwanzo 2:16-17). Hakuagizwa aombe kwanza ili ajue asubuhi hiyo ale matunda ya mti upi. Paulo, akiandika juu ya mjane Mkristo, anasema yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu (1 Wakorintho 7:39). Mpaka umewekwa, na ndani ya mpaka huo mjane yule anatakiwa kuchagua mwenyewe. Ukifika mahali ambapo njia zote mbili zinampendeza Mungu, usijitese kana kwamba mojawapo lazima iwe dhambi.

Uandae moyo kabla ya kuuliza

Sura ya 42 ya kitabu cha Yeremia ina onyo ambalo kila anayetafuta uongozi wa Mungu angelisoma taratibu. Baada ya Yerusalemu kuangushwa na Wababeli, mabaki ya watu wa Yuda walimwendea nabii Yeremia wakamsihi awaombee, ili Bwana awaonyeshe njia iwapasayo kuiendea na jambo liwapasalo kulitenda. Wakaapa kwamba likiwa jema au likiwa baya watalitii. Siku kumi zikapita, neno la Bwana likaja: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Nao wakamwambia Yeremia kwamba anasema uongo, wakaenda Misri. Ukirudi nyuma hadi mwisho wa sura ya 41 utakuta kwamba kabla hawajamwendea nabii walikuwa wamekwisha kushika njia kwenda Misri, nao walipiga kambi karibu na Bethlehemu. Walikuwa na uamuzi wao tayari, na walichokitaka kwa Mungu kilikuwa muhuri tu.

Kwa hiyo jihoji kabla ya kuomba. Andika majibu mawili yanayowezekana, kwa mfano "nenda" na "baki," kisha kwa siku kadhaa uombe ukiwa umeshika kila mojawapo kana kwamba ndilo jibu lililokwisha kutolewa. Ukiona kwamba moja huwezi hata kulitamka mbele za Mungu bila kukasirika, umegundua mahali ambapo maombi yako yanapaswa kuanzia. George Müller, aliyeanzisha makao ya yatima huko Bristol nchini Uingereza mwaka 1836, alieleza kwamba alipotafuta uongozi wa Mungu kazi yake ya kwanza ilikuwa kuufikisha moyo wake mahali ambapo hauna matakwa yake wenyewe kuhusu jambo lile, na kwamba akishafika hapo matatizo mengi huwa yameondoka. Haimaanishi kwamba tamaa ya moyo ni dhambi. Bwana wetu katika Getsemane alisema wazi kwamba angependa kikombe kile kimwepuke, kisha akaongeza kwamba yafanyike mapenzi ya Baba (Mathayo 26:39). Mwambie Mungu unachokitaka bila kupamba maneno, na mwambie pia kwamba uko tayari kunyimwa.

Omba, na pia chunguza

Wako wanaodhani kwamba kuomba kunaondoa haja ya kuuliza maswali ya kawaida. Nehemia hakudhani hivyo. Alipopata habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu ulikuwa mwezi Kisleu, naye aliketi akalia, akafunga, akaomba. Alipopata nafasi ya kusema na mfalme Artashasta ulikuwa mwezi Nisani, yaani miezi ipatayo minne baadaye. Mfalme alipomwuliza anataka nini, Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni papo hapo, kisha akajibu kwa mpango kamili: muda atakaokuwa safarini, barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu, mwenye kuulinda msitu wa mfalme, ampe miti ya malango na ukuta. Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, ndipo akatoka usiku na watu wachache, asimwambie mtu neno ambalo Mungu alilitia moyoni mwake, akakagua ukuta lango kwa lango, mpaka penye birika la mfalme ambapo mnyama aliyempanda alikosa pa kupita kwa sababu ya kifusi. Uchunguzi ule wa usiku ulikuwa sehemu ya kumtii Mungu kama ilivyokuwa miezi minne ya maombi.

Tuchukue mfano wa binti aliyepata kazi katika mji wa mbali ilhali mama yake ni mgonjwa. Swali aliloliandika ni, "Je, nikubali kazi hii?" Lakini akiweka chini yake amri ya kuwaheshimu baba na mama, pamoja na maneno makali ya Yesu kwa wale waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao (Marko 7:9-13), ataona kwamba swali linahitaji kuandikwa upya: "Nitamtunzaje mama, nikienda au nikibaki?" Sasa kuna mambo ya kuchunguza. Ni nani hulala nyumbani usiku? Ni nani humpeleka hospitali siku za kliniki, na je, anaweza kuendelea? Mshahara ukishatolewa kodi ya nyumba na nauli, kitabaki kiasi gani cha kutuma? Mwajiri anaweza kusubiri miezi miwili? Mama mwenyewe, akiulizwa bila kushinikizwa, anasema nini? Binti huyo aombe kila siku, na kila siku pia aulize mojawapo ya maswali haya kwa mtu anayehusika. Yakobo ameahidi kwamba anayepungukiwa na hekima akimwomba Mungu atapewa, wala Mungu hakemei (Yakobo 1:5), na hekima hiyo mara nyingi hufika kwa njia ya majibu ya maswali kama hayo. Kwa upande wangu naamini kwamba akiona mama atatunzwa vema, na kwamba kazi hiyo ndiyo itakayolipia dawa, anaweza kuondoka na dhamiri safi. Na akiona hakuna mwingine wa kumtunza, kubaki kwake si kupoteza baraka.

Kuhusu washauri, Mithali 15:22 inasema mashauri yakikosekana makusudi hubatilika, bali kwa wingi wa washauri huthibitika. Tafuta wawili au watatu wanaomcha Mungu, wanaokufahamu, na ambao hawapati faida yoyote kwa uamuzi wako. Mmoja wao awe mtu ambaye amewahi kukwambia jambo usilopenda kulisikia. Wape habari zote, hasa zile unazotamani kuzificha. Mtu anayezunguka kwa washauri kumi mpaka ampate wa kukubaliana naye hajaomba ushauri.

Ishara, milango iliyofunguka na maneno ya unabii

Hapa ndipo watu wengi huumia, na kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mungu huweza kusema kwa ndoto, kwa maono na kwa kinywa cha mtumishi wake. Maandiko yamejaa habari hizo, na Paulo anaagiza kwamba tusitweze unabii. Sentensi inayofuata ni kwamba tujaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:20-21). Maagizo hayo mawili yashikwe pamoja.

Gideoni, aliyemwomba Mungu ishara ya umande juu ya ngozi ya kondoo, hutajwa mno na wanaotaka kumwekea Mungu masharti ya ishara. Lakini Gideoni alikuwa amekwisha kutumwa kwa maneno ya wazi, na mwenyewe alipoiweka ngozi alisema, kama ulivyonena (Waamuzi 6:36). Ngozi ile ilionyesha uchanga wa imani yake, na Mungu kwa upole wake alimvumilia. Hatuagizwi popote tumwige.

Nafasi iliyojitokeza nayo hudanganya kwa urahisi. Yona alipoukimbia uso wa Bwana alishuka mpaka Yafa, akakuta merikebu inayokwenda Tarshishi, akalipa nauli, akapanda. Kila kitu kilinyooka. Daudi alipokuwa amejificha ndani ya pango huko Engedi, mfalme Sauli aliyekuwa akimwinda aliingia pango lilelile peke yake, na watu wa Daudi wakamnong'oneza kwamba hii ndiyo siku aliyoisema Bwana (1 Samweli 24). Nafasi ilikuwepo, mashauri yalikuwepo, hata maneno ya kidini yalikuwepo, lakini Daudi alijua hawezi kunyosha mkono juu ya masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyetiwa mafuta, akamwacha aende. Kwa upande mwingine Paulo aliandika kwamba amefunguliwa mlango mkubwa wa kufaa sana huko Efeso, na kwamba wapingao ni wengi (1 Wakorintho 16:9). Upinzani haukumfanya adhani mlango umefungwa. Na huko Troa alifunguliwa mlango katika Bwana, ila kwa kuwa hakumkuta Tito na roho yake haikupata raha, aliagana nao akaenda Makedonia (2 Wakorintho 2:12-13). Hali unayoikuta ni jambo la kuzingatia, pamoja na mengine yote, lakini peke yake haitoshi kuamua.

Kuhusu unabii unaokuhusu binafsi, soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alitumwa Betheli akiagizwa asile chakula, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme alipomkaribisha alikataa. Nabii mzee akamfuata, akamwambia kwamba yeye naye ni nabii na kwamba malaika amempa neno la kumrudisha. Alikuwa akisema uongo. Yule mtu akarudi, akala, na njiani simba akamwua. Neno la mtumishi mwingine, hata awe mzee na mwenye jina, halifuti neno ambalo Mungu amekwisha kulisema. Kwa hiyo mtu akikujia na kusema, "Mungu amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu," una haki kamili ya kumjibu kwamba Mungu huyo anaweza kukuonyesha na wewe, na kwamba mpaka hapo jibu ni hapana. Na anayetaka malipo au sadaka ya pekee kabla ya kukwambia neno la Bwana, ondoka kwake. Mika aliwashutumu manabii waliobashiri ili wapate fedha (Mika 3:11).

Hata unabii wa kweli hauamui kwa niaba yako. Huko Kaisaria nabii Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo, akasema kwamba ndivyo mwenye mshipi huo atakavyofungwa Yerusalemu. Ndugu wote wakamsihi Paulo asiende. Habari ilikuwa ya kweli, lakini Paulo aliichukua kama maandalizi ya mateso na si kama katazo, akaenda. Nao wakanyamaza wakisema mapenzi ya Bwana yatendeke (Matendo 21:10-14).

Wako pia wanaofumba macho, wakafungua Biblia popote na kuweka kidole. Huwa wanamtaja Agostino, mwalimu wa kanisa la kale, ambaye mwaka 386 huko Milano alisikia sauti ya mtoto ikisema chukua usome, akafungua nyaraka za Paulo na maisha yake yakabadilika. Agostino huyohuyo baadaye, katika barua, aliandika kwamba hapendezwi na watu wanaotafuta majibu ya shughuli zao za dunia kwa kufungua kurasa za Injili kwa bahati. Biblia isomwe kwa mfululizo, sura kwa sura, ili iunde namna yako ya kufikiri. Ndiyo njia ambayo Paulo anaitaja anaposema tugeuzwe kwa kufanywa upya nia zetu, tupate kujua hakika mapenzi ya Mungu (Warumi 12:2).

Amani ya moyoni

"Sina amani" ni maneno ambayo Wakristo huyatumia kufunga mazungumzo. Yachunguze kwanza. Uchovu, homa, woga wa jambo jipya na dhamiri inayoshtaki vyote huleta moyo usiotulia, na havina maana moja. Ignatius wa Loyola, aliyevunjwa mguu kwa mzinga vitani Pamplona mwaka 1521, aligundua jambo alipokuwa kitandani akipona: mawazo ya sifa za dunia yalimpendeza alipokuwa nayo, lakini yalimwacha mkavu, ilhali mawazo ya kumfuata Kristo kama watakatifu walivyofanya yalimwacha na furaha iliyodumu hata baada ya kupita. Alijifunza kuitazama hali ya moyo baadaye, si wakati wa msisimko tu. Kutokana naye tumepokea kanuni ambayo nimeiona ikiwafaa watu wa madhehebu yote: ukiwa katika giza la moyo, usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na nuru.

Amua, kisha uende

Baada ya kutii yaliyo wazi, kuomba, kuchunguza na kushauriwa, jiwekee siku ya kuamua, na siku hiyo ikifika uamue. Sema kama Yakobo anavyofundisha, "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi" (Yakobo 4:15), kisha tuma barua, toa jibu, funga mizigo. Usingoje uhakika usio na chembe ya shaka. Hata Paulo na wenzake, baada ya kukatazwa kuhubiri katika jimbo la Kirumi lililoitwa Asia na kuzuiwa kuingia Bithinia, na baada ya Paulo kuona maono ya mtu wa Makedonia, walifikia pamoja hitimisho kwamba Mungu amewaita huko (Matendo 16:6-10).

Tazama yaliyowapata huko. Katika maono aliyewaita alikuwa mwanamume Mmakedonia, lakini wa kwanza kuaminishwa huko Filipi alikuwa Lidia, mwanamke mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira, mji wa Asia ileile waliyokatazwa. Muda si mrefu Paulo na Sila walipigwa bakora na kutiwa gerezani, miguu yao ikafungwa kwa mkatale. Kwa hiyo mambo yakiwa magumu mwezi wa kwanza, usiharakishe kusema ulikosea.

Kama uamuzi ulikuwa wa kuoa au kuolewa, swali la kama ulimchagua mtu sahihi lilifungwa siku ya kiapo, na usilifungue tena kila mnapokosana. Katika mambo mengine, kama kazi, makazi au huduma, panga baada ya mwaka mmoja ukae na walewale waliokushauri, uwaletee ile karatasi ya kwanza, mtazame ni habari gani mpya zimepatikana ambazo hamkuwa nazo wakati ule, na kama kuna agizo la Mungu ambalo mahali ulipo sasa panakuzuia kulitii. Pasipokuwa na mojawapo ya hayo, endelea ulipo.